Gogo bichi la paini katika hewa ya Dodoma: litoke wapi na likerezwe lini

Swali hili limetoka kwa fundi seremala kijana wa Nkuhungu, jijini Dodoma, ambaye ameandika hivi: "Shikamoo mwalimu. Nimejiundia kerezo, yaani mashine ya kuzungusha mti huku patasi ikiuchonga, kwa mota ya zamani, na sasa nataka kukereza mabakuli na vinara vya mishumaa vya kuuza. Mwishoni mwa Agosti nilinunua magogo manane mabichi ya paini yaliyoletwa na lori kutoka Mufindi. Matatu nimeyatumia kukereza mabakuli, yakatoka mazuri sana, lakini siku ya pili yote yalikuwa yamepasuka. Msasa nao uliziba kwa utomvu hata nikauweka chini. Yamebaki magogo matano nyuma ya karakana, na vichwani mwake naona nyufa na madoa ya bluu. Je, niyaache yakauke kwanza ndipo niyakereze? Au paini haifai kabisa kwa kazi hii? Na kama inafaa, magogo mazuri niyatafute wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Paini inafaa, tena ni mti mzuri wa kujifunzia kwa sababu ni laini, unapatikana, na bei yake haimuumizi fundi anayeharibu vipande kadhaa akiwa bado anatafuta mkono wake. Kuhusu kuyaacha magogo yakauke kwanza, jibu langu ni hapana. Gogo zima la paini halikauki Dodoma bila kupasuka, hata ulisubiri mwaka mzima. Lipasue likiwa bichi, likereze likiwa bichi kwa umbo nene la awali, kisha umbo hilo ndilo ulikaushe polepole, na likishakauka ulirudishe kwenye kerezo ulimalize. Mabakuli yako matatu yalipasuka kwa sababu uliyamaliza siku moja yakiwa na maji tele, kisha ukayaachia upepo wa Septemba. Naomba nieleze sababu zake kwa kirefu, maana fundi anayeijua sababu ataweza kuamua mwenyewe hata pale ambapo maelezo yangu hayakufika.

Chukua gogo lenye kipenyo cha sentimita 25 na urefu wa sentimita 60. Ujazo wake ni kama lita 29, na likiwa limetoka kukatwa litakuwa na uzito unaokaribia kilo 27. Likikauka sawasawa, uzito huo utashuka hadi kilo 14 au 15 hivi, maana yake ni kwamba lilikuwa limebeba zaidi ya lita kumi za maji. Maji hayo yako ya namna mbili. Mengi yamejaa ndani ya matundu ya seli, kama maji ndani ya mrija, na haya yakitoka mti haubadiliki umbo. Unapungua uzito tu. Mengine yamenaswa ndani ya kuta za seli zenyewe, na mti huanza kusinyaa pale haya yanapoanza kutoka, yaani unyevu unaposhuka chini ya asilimia 30 ya uzito wa mti mkavu. Sasa fikiria ngozi ya bakuli lako lililokaa mezani mchana wa Septemba: ngozi ya nje imeshashuka chini ya kiwango hicho na inataka kusinyaa, huku ndani kukiwa bado kumejaa maji na hakutaki kusinyaa hata kidogo. Nje inavutwa, ndani kunakataa, na mti unapasuka.

Mufindi iko juu, mahali pengi ni zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, kuna ukungu wa asubuhi na baridi, na gogo likilala pale kwenye kivuli wiki mbili halionyeshi mabadiliko makubwa. Dodoma ni nyanda kavu. Mvua zetu huanza karibu na Desemba na kuisha Aprili, kisha miezi yote iliyobaki ni jua na upepo, na kati ya Agosti na Oktoba hewa huwa kavu kiasi kwamba nguo ya jinzi iliyoanikwa asubuhi inaanuliwa kabla ya adhuhuri. Kitu kinachoikausha jinzi ndicho kinachokausha vichwa vya gogo lako. Tena maji husafiri kwa urahisi zaidi kufuata urefu wa nyuzi za mti kuliko kupita ubavuni, kwa hiyo vichwa vya gogo hukauka mapema mno kuliko sehemu ya katikati, na nyufa huanzia hapo.

Lipo jambo jingine ambalo mafundi wengi hawalijui, nalo ndilo linalofanya gogo la mviringo lishindwe kukauka salama hata kwenye hewa nzuri. Mti hausinyai sawasawa pande zote. Ukifuata pete za ukuaji, yaani kuzunguka gogo, paini husinyaa asilimia 6 au 7 hivi mpaka ikauke kabisa. Ukitoka kwenye kiini kwenda kwenye gamba, husinyaa karibu nusu ya hapo. Na kwa urefu wa nyuzi hausinyai kwa kiasi cha kuhesabika. Mzingo wa gogo unataka kupungua zaidi kuliko nusu kipenyo chake, na umbo la duara haliruhusu jambo hilo litokee bila kitu kuachia. Kinachoachia ni ule ufa wenye umbo la kabari unaouona kwenye nguzo za zamani, mpana kwenye gamba na mwembamba kwenye kiini. Ukilipasua gogo vipande viwili kupitia kwenye kiini, kila nusu inapata uhuru wa kujikunja, na ule ufa unakosa sababu ya kutokea.

Sasa nije kwenye suala la kupata magogo, kwa sababu naamini nusu ya hasara yako ilianzia huko.

Paini si mti wa asili wa nchi yetu. Aina inayopandwa zaidi katika nyanda za juu, Pinus patula, asili yake ni Meksiko, nayo inataka baridi na mvua ambazo Dodoma haina. Kwa hiyo fundi wa Dodoma ataletewa magogo kutoka mbali, hana namna. Chanzo kikubwa ni Shamba la Miti Sao Hill lililoko Mufindi, mkoani Iringa, ambalo ndilo kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya kupandwa ya Serikali, na pembeni yake kuna mashamba ya watu binafsi yaliyotapakaa Mufindi na Njombe. Kutoka Mafinga hadi Dodoma kupitia Iringa na Mtera ni takribani kilomita 340. Wengi wanasahau kwamba upande wa mashariki kuna Shamba la Miti Ukaguru, wilayani Gairo, na mji wa Gairo uko kilomita 130 hivi kutoka Dodoma kwa barabara ya Morogoro. Kwa mtu anayehitaji vipande kumi au ishirini tu, ukaribu huo una thamani kubwa, kwa sababu gogo linalokatwa asubuhi linaweza kufika karakanani kwako jioni.

Usiende shambani kutafuta mti uliosimama. Miti ya mashamba ya Serikali huuzwa kwa utaratibu wa Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania kwa wavunaji wenye vibali, na fundi mdogo hana sababu ya kuingia huko. Nenda kwenye kiwanda cha kupasua mbao kilichonunua miti hiyo, zungumza na msimamizi wa uwanja wa magogo, na umwombe vipande vifupi vya sentimita 40 hadi 60 ambavyo kwake ni mabaki: shina lililo nene mno au lililopinda chini, ncha iliyokatwa ili gogo litimize kipimo cha mashine. Vitu hivyo mara nyingi huishia kuwa kuni. Lakini hata kama ni mabaki, dai risiti, na uhakikishe mzigo unasafiri na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, maana kwenye kizuizi cha barabarani mkaguzi hajali kama gogo lako ni la bakuli au la dari. Asipoona hati atalishikilia, nawe utakuwa umepoteza gogo na nauli. Na kama jirani yako hapo mjini anakata mti wowote uani kwake na anataka kukupa shina, muulizeni kwanza afisa misitu wa halmashauri kabla ya msumeno kuwashwa.

Ukiwa uwanjani, angalia kichwa cha gogo kabla ya kuangalia kitu kingine chochote. Pete zikiwa pana sana, sentimita moja au zaidi kila moja, hilo ni gogo la mti mchanga uliokua mbio. Wakulima binafsi wenye shida ya fedha huvuna paini ya miaka minane au kumi, na mti wa umri huo karibu wote ni mbao changa, nyepesi, zenye nyuzi zilizojizungusha kama kamba. Kwa mirunda ya ujenzi unatosha; kwa kukereza utakusumbua, kwa sababu unachanika chini ya patasi na unajipinda unapokauka. Tafuta gogo lenye pete zilizobanana kwa upande wa nje. Kisha tazama kiini kiko wapi. Kikiwa katikati, vizuri. Kikiwa kimeegemea upande mmoja, na upande wa pili pete zikiwa pana na zenye rangi nyekundu iliyokolea, ujue mti huo ulikua umeinama, na ule upande mwekundu ulikuwa ukiusukuma usianguke. Mbao ya sehemu hiyo husinyaa hata kwa urefu, jambo ambalo mti wa kawaida haulifanyi, na kinara utakachokikereza kutoka hapo kitapinda kama upinde. Likatae gogo hilo hata ukipewa bure.

Jambo la vifundo ni la kupanga wala si la kukwepa. Paini hutoa matawi yake kwa mizingo: matawi manne au matano kwa pamoja kuzunguka shina, kisha nafasi safi isiyo na tawi, kisha mzingo mwingine. Ukilitazama gogo kwa nje utaona mizingo hiyo kama mikanda. Kwa vinara na miguu ya stuli, kata kati ya mkanda na mkanda. Kwa bakuli, mimi binafsi hupenda mkanda mmoja wa vifundo uingie ndani ya umbo, kwa sababu vinapangana kama maua kuzunguka ukuta wa bakuli, lakini ni lazima viwe vifundo vilivyo hai, vilivyoshikamana na mti. Kifundo cheusi chenye duara la gamba kukizunguka kitadondoka siku bakuli litakapokauka. Jambo la mwisho la uwanjani: miti mingine ya Sao Hill hugemwa utomvu kabla ya kuvunwa. Ukiona sehemu ya chini ya shina ina jeraha lililochongwa gambani na mti wake umelowa utomvu hadi unang'aa, achana na kipande hicho.

Nitakueleza kilichonipata katika miaka yangu ya mwanzo, kwa sababu kinafanana na chako. Nilinunua vipande kumi na viwili kwenye kiwanda kimoja cha Mufindi, vizuri kabisa, vimenyooka, nikavipakia juu ya lori lililokuwa linakuja Dodoma na mbao. Lori liliharibika njiani, mzigo ukakaa siku nne juani. Nilipovipokea, kila kichwa kilikuwa na nyufa za kina cha sentimita kumi na zaidi, na kwa kuwa vipande vyenyewe vilikuwa vya sentimita 40, baada ya kukata pande zote mbili nilibaki na vipande vifupi visivyotosha bakuli nililokusudia. Nilihuzunika sana, na tangu siku hiyo sijawahi kwenda kununua magogo bila sufuria ya nta.

Nta ya mishumaa iliyoyeyushwa ndiyo kinga nafuu kuliko zote. Iyeyushe kwenye kopo lililowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiiweke moja kwa moja kwenye moto kwa sababu inawaka, kisha upake vichwa vyote viwili na sentimita tatu za ubavuni, palepale uwanjani, ndani ya saa ile ile ambayo gogo limekatwa. Sisi wa kanda ya kati tuna bahati ya kuishi karibu na warina asali wa Manyoni na Kondoa, na nta ya nyuki inafanya kazi hii vizuri, ingawa bei yake ni afadhali uihifadhi kwa kung'arishia kazi iliyokamilika. Usipokuwa na nta, rangi ya mafuta iliyobaki kopo chini, mipako miwili minene, au gundi nyeupe ya mbao vitasaidia. Gogo likishaanza kupasuka nta haisaidii kitu. Itabidi ukate mpaka ufikie mti mzima ndipo upake upya. Halafu agiza gogo refu kuliko unavyohitaji, angalau sentimita kumi kila upande, na uzihesabu hizo kama sehemu ya bei.

Kuhusu yale madoa ya bluu: ni kuvu wanaokula sukari iliyomo kwenye sehemu ya nje ya shina, ile inayopitisha maji. Hawali nyuzi zenyewe, ndiyo maana mti wenye bluu haupotezi nguvu kwa kiasi cha kukuzuia kukereza. Unachopoteza ni rangi. Wapo wateja wanaoipenda bluu hiyo, na nimeshaona bakuli lenye mistari yake likipita yote meupe kwa uzuri. Lakini bluu hukuambia pia kwamba gogo limekaa likiwa na joto na unyevu, na kwamba ukizidi kuchelewa kuvu wengine, wale wanaoozesha, watafuata. Kuvu hawa wanahitaji unyevu na hewa kwa pamoja. Viwandani magogo humwagiwa maji mfululizo ili hewa isiingie, na fundi mwenye vipande vifupi anaweza kuvizamisha kabisa kwenye pipa kwa wiki mbili tatu. Kwa Dodoma, ambako ndoo ya maji ina watu wanaoisubiri, nakushauri afadhali ununue magogo machache unayoweza kuyamaliza ndani ya siku saba kuliko kutafuta namna ya kuyahifadhi mengi. Na usiyafunike kwa turubai zito siku nyingi ukidhani unayakinga na jua. Chini ya turubai kuna joto na unyevu, yaani umewaandalia kuvu makao. Yaweke kivulini, juu ya mawe au vyuma, yasiguse ardhi, maana mchwa wa Dodoma unawafahamu.

Siku ya kukereza, kata kwanza kipande chembamba cha sentimita moja kutoka kichwani mwa gogo na ukikunje kwa mikono. Nyufa zilizojificha zitafunguka. Endelea kukata mpaka kipande kikunjike bila kuonyesha ufa. Kisha pasua gogo kwa urefu kupitia kwenye kiini, na kutoka kila nusu uondoe sentimita moja hadi mbili za upande wa kiini, kwa sababu kiini kikibaki ndani ya bakuli, ufa utaanzia hapo. Upana wa bakuli lako hauwezi kuzidi kile kilichobaki, na ndiyo sababu gogo la sentimita 25 linakupa bakuli la sentimita 20 au 22 na si zaidi. Kwa vinara na miguu, ni bora upasue robo za gogo kwa shoka badala ya msumeno, maana shoka hufuata nyuzi zilivyo, na robo iliyopasuliwa kwa shoka haitakuvunjikia kwenye kerezo mahali pembamba.

Kipande kizito kilicholowa na kisicho na mizani hukaa vibaya kwenye kerezo lililoundwa nyumbani, kwa hiyo anza na mizunguko 300 au 400 kwa dakika, simama pembeni na si mbele yake, vaa kinga ya uso inayofunika mpaka kidevu, na uongeze mwendo pale tu mtikisiko unapokwisha. Maji yataruka kama mvua. Swichi na mota zifunikwe yasifikiwe, na mwisho wa kazi vyuma vyote vifutwe na kupakwa mafuta kidogo, la sivyo kesho utakuta kutu. Paini bichi ni laini, na ule ulimi wa chini ya bakuli unaoshikwa na kishikio cha meno manne hubonyea taratibu wakati kazi inaendelea. Uache mpana, usipungue theluthi moja ya kipenyo cha bakuli, na ukaze tena kishikio kila baada ya dakika chache. Bakuli lililotoka kwenye kishikio huvunja taya.

Patasi iwe kali mno. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu watu hudhani mti laini unasamehe patasi butu, na ukweli ni kinyume chake: ndani ya kila pete ya paini kuna sehemu laini iliyokua wakati wa mvua na sehemu ngumu ya kiangazi, na patasi butu huichana ile laini na kuruka juu ya ile ngumu. Noa kila unapomaliza umbo moja. Tumia patasi yenye mfereji, egemeza mgongo wa ukali wake kwenye mti kabla ya kuinua mpini ili ianze kukata, na ukate ukitoka chini ya bakuli kwenda kwenye mdomo kwa upande wa nje, na kutoka mdomoni kwenda katikati kwa upande wa ndani. Kwa njia hiyo kila unyuzi unaokatwa unakuwa umeshikiliwa na wenzake walio nyuma. Usitumie msasa hatua hii. Mti mbichi na utomvu vitauziba kama ulivyoona, nawe utakuwa unatupa fedha.

Ukuta uwe mnene kiasi gani? Desturi ni sehemu moja ya kumi ya kipenyo, na hesabu yake ni rahisi kuifuata. Bakuli la sentimita 20 litabaki karibu sentimita 20 kwa upande unaofuata nyuzi, lakini kwa upande unaokatisha nyuzi linaweza kushuka hadi kama 18.8. Litakuwa umbo la yai. Ili ulirudishe kuwa duara itabidi uondoe karibu sentimita 0.6 kila upande, na ukuta wa sentimita 2 utakuachia kitu cha kutosha kufanyia umaliziaji. Ukuta wa sentimita 1 hautoshi. Wa sentimita 4 nao ni hatari upande wa pili, kwa sababu unarudi kwenye tabia ya gogo: nje kumekauka, ndani kumelowa. Cha maana zaidi kuliko unene wenyewe ni kwamba unene uwe sawa kutoka mdomoni hadi kwenye kitako. Mabakuli mengi hupasuka kitakoni kwa sababu fundi alichoka kabla ya kufika huko.

Bakuli likitoka kwenye kerezo lisikae mezani hata wakati wa chakula cha mchana. Pima uzito wake kwenye mizani ya jikoni, andika uzito na tarehe kwenye kitako kwa penseli, paka nta kwenye mdomo wa bakuli na sehemu zile mbili za ubavu ambako vichwa vya nyuzi vimetazama nje, kisha ulitie ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki uliojaa maranda makavu. Yawe makavu kweli. Maranda yaliyolowa uliyoyatoa muda huo huo yataota ukungu ndani ya siku tatu. Mfuko wa nailoni usiutumie kwa sababu hiyo hiyo. Weka mifuko ndani ya chumba kisicho na upepo, mbali na paa la bati lililo wazi. Kila wiki pima. Wiki za kwanza uzito utashuka sana, kisha utapunguza kasi, na ukiona umesimama palepale kwa wiki mbili mfululizo, bakuli limelingana na hewa ya Dodoma na liko tayari. Kwa uzoefu wangu, bakuli la paini lenye ukuta wa sentimita 2 huchukua kati ya wiki tano na nane katika kiangazi, na zaidi ya hapo katika miezi ya mvua. Kama una uwezo wa kuchagua wakati, fanya ukerezaji wa awali Mei hadi Julai: mvua zimekwisha, barabara za shambani zinapitika, baridi inawapunguza kuvu nguvu, na upepo mkali bado haujaanza.

Unaporudi kulimaliza, utomvu utakuwa umepungua ukali lakini haujaondoka. Kwenye matanuri ya kukaushia mbao joto hupandishwa kufikia digrii 70 na zaidi ili utomvu ugande, na kisanduku cha jua tunachoweza kujitengenezea hakifiki hapo kwa uhakika. Kwa hiyo futa sehemu zinazonata kwa kitambaa chenye tapentaini, ambayo kwa asili yake yenyewe hutokana na utomvu wa paini na ndiyo maana huuyeyusha vizuri, acha kazi ikauke siku nzima mlango ukiwa wazi na moto ukiwa mbali, ndipo uingie na msasa. Anza na namba 120, uufunge kwenye kipande kigumu cha mbao au ngozi nene, kwa sababu msasa ulioshikwa kwa sponji au kwa vidole hula sehemu laini za pete na kuacha matuta. Malizia kwa kusimamisha kerezo na kusugua kufuata nyuzi. Kisha pitisha sila, yaani kioevu cha kuziba vinyweleo vya mti, juu ya vifundo mara mbili kabla ya vanishi, la sivyo vifundo vitatoa machozi kupitia kwenye vanishi siku ya joto la kwanza.

Sikushauri uuze bakuli la paini kwa ajili ya chakula cha moto wala uitumie kwa mwiko, maana harufu ya utomvu huingia kwenye chakula. Bakuli la matunda, vinara, vitako vya taa, vichwa vya fimbo za pazia, nguzo za ngazi, hayo ndiyo mambo yake. Ukihitaji kitu cha kuuza mapema bila kusubiri wiki nane, kereza chombo chembamba sana, ukuta wa milimita nne au tano, ukimalize kikiwa kibichi kwa mkupuo mmoja. Ukuta mwembamba unakauka nje na ndani kwa pamoja na mara nyingi haupasuki. Utajikunja na kuwa na umbo la yai, nawe uuze umbo hilo lilivyo.

Yale magogo matano yaliyoko nyuma ya karakana yashughulikie wiki hii. Yaingize ndani leo. Kata vichwa mpaka nyufa ziishe kwa jaribio la kukunja, na kipande kitakachobaki chini ya sentimita 20 kipasue kwa shoka kiwe robo za vinara. Vilivyobaki virefu pasua kiinini siku hiyo hiyo, paka nta, na ukereze maumbo ya awali ndani ya siku tatu. Ile bluu iache, usijaribu kuitoa kwa dawa. Ukibonyeza mti kwa ukucha ukazama kama kwenye boga, kuoza kumeanza, na kipande hicho kipeleke jikoni.